Maswali ya wasomaji: Mvua zimebadilika, tupande lini na tutakula nini?

Barua za mwezi huu zimetoka Muheza, Pangani, Mkinga, Handeni, Korogwe na Tanga mjini, na karibu zote zinauliza kwa nini shamba lilelile na bidii ileile havileti tena chakula cha kutosha nyumbani. Nimechagua sita. La kwanza nimelijibu kwa urefu, kwa kuwa mengine yanategemea jibu lake.

Swali: Ninalima mahindi na muhogo katika ekari tatu nilizorithi kwa marehemu baba. Zamani masika ilipokaribia tulitayarisha shamba, na mvua ya kwanza ikinyesha tulipanda bila wasiwasi. Siku hizi mvua ya kwanza inanyesha, tunapanda, mahindi yanaota vizuri, kisha jua linawaka wiki mbili hadi tatu na miche yote inakauka. Tunanunua mbegu upya, na mvua ikirudi inakuja kwa fujo na kusomba udongo. Je, ni kweli kwamba mvua zimepungua? Na mtu apande lini?
*Mkulima, Muheza*

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa hasara ya mbegu na ya nguvu zako. Mvua hazijakoma, na ipo miaka ambayo ukijumlisha mvua yote ya mwaka utakuta haikupungua, au hata ilizidi. Kilichovurugika ni mpangilio wake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza utabiri wa msimu hueleza pia mtawanyiko wa mvua na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu, lakini wengi wetu tunasikiliza tu kama mvua zitakuwa juu au chini ya wastani, ilhali mmea haunywi wastani. Mvua ya mwezi mzima ikishuka ndani ya siku nne, kwenye daftari itaandikwa kuwa imenyesha vya kutosha, huku mahindi yako yakiwa yamekufa kwa kiu katika siku zilizobaki.

Sababu zake zinajulikana. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo hunyonya maji mengi zaidi kutoka udongoni siku za jua, na inapoyaachia huyaachia kwa wingi na kwa kishindo. Jambo la pili ni bahari yetu. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande huu wa Afrika yakiwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, vuli huja kupita kiasi, kama tulivyoona mwaka 1997 na tena 2019. Hali ikigeuka, vuli hukosekana, kama ilivyotokea 2021 na 2022. Kupishana huko kulikuwepo tangu zamani, ila sasa kunatokea juu ya bahari ambayo imekwisha kupata joto. Ama masika, wachunguzi wa Afrika Mashariki wameona kuwa tangu miaka ya 1980 yalielekea kufupika, yakichelewa kuanza na kuwahi kwisha. Hivyo wazee wa Muheza hawakukosea hesabu zao. Walijifunza msimu uliokuwapo, na msimu huo umesogea.

Sasa tuje kwenye kupanda. Usifuate tarehe, wala usifuate mvua ya kwanza. Fuata unyevu wa udongo. Baada ya mvua unayoidhania kuwa ya kupandia, chimba kwa jembe mahali patatu pa shamba hadi shubiri moja kwenda chini, uchukue udongo wa chini kabisa ya shimo na kuufinya kiganjani. Ukifumbua mkono donge likabaki donge, maji yamefika mahali ambapo mizizi itayatafuta. Likimeguka likawa vumbi, mvua ile imelowesha uso wa ardhi tu, na jua la siku tatu litaurudisha ulivyokuwa. Katika kichanga cha karibu na pwani donge halikai vizuri hata udongo ukiwa na maji, kwa hiyo huko tazama rangi ya udongo na usikilize ubaridi wake mkononi.

Pia usipande ekari zote kwa siku moja. Panda sehemu moja udongo unapolowa sawasawa, na nyingine baada ya siku kumi hivi, ili kipindi cha ukavu kikiingia kikute mimea yenye umri tofauti. Lakini usinielewe kwamba kuchelewa kuna usalama wowote. Mahindi huhitaji maji kuliko wakati wote pale yanapotoa mbelewele na nywele, na mahindi yaliyopandwa Mei yatafika hapo masika ikiwa imekwisha kuondoka. Joto nalo lina kipimo chake: uchambuzi wa majaribio ya mahindi yaliyofanywa sehemu nyingi za Afrika ulionyesha kwamba kila nyuzi 1 inayozidi 30 kwa muda wa siku moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1, na ukame ukiwapo hasara hiyo hufika asilimia 1.7. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize mbegu zinazokomaa mapema, kama Situka M1, na zile zinazofaa ukanda wa chini kama wetu na kustahimili ugonjwa wa milia, kama Staha. Nunua penye lebo ya TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wala usidanganyike na mbegu zinazouzwa kwa vikombe mnadani, kwa kuwa huwezi kujua zilitoka wapi.

Muhogo wako utunze, maana ndio utakaokulisha mahindi yakikuangusha. Hata hivyo, nao una adui wawili waliotambuliwa hapa hapa kwetu. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika milima ya Usambara, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulitambuliwa huko Amani, katika milima hiyo hiyo, miaka ya 1930. Huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu muhogo huonekana mzima shambani, ukaung'oa na kuumenya, kisha ukaukata na kukuta ndani pana mabaka makavu ya kahawia yaliyooza. Magonjwa yote mawili hubebwa na nzi weupe, ambao huzaliana kwa kasi zaidi kukiwa na joto. Usichukue pingili kwa jirani kwa kuwa tu shina lake ni nene. Mwombe ang'oe shina moja, mlikate pamoja, mtazame. Kiroba ni mbegu ambayo imewasaidia wengi katika mwambao huu kuivumilia michirizi ya kahawia, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, ambao wako wilayani kwako, wanaweza kukuelekeza pa kupata pingili safi.

Katikati ya muhogo mchanga weka choroko au kunde. Hukomaa kwa muda wa miezi miwili na kidogo, na hufunika ardhi. Na nakuomba kwa dhati, acha kuchoma mabua wakati wa kuandaa shamba. Yatandaze. Udongo uliofunikwa hubaki na unyevu siku kadhaa zaidi ya udongo ulio wazi, na siku hizo chache ndizo zinazoamua kama miche yako itaikuta mvua inayofuata ikiwa hai.

Swali: Nina banda la chakula Ngamiani. Nyanya zinapanda bei ghafla, mara hoho, mara maharage, na wateja wangu hawataki kusikia kuwa sahani imepanda. Wauzaji sokoni wananiambia kila siku ni tabianchi. Ni kweli, au ni kisingizio?
*Mama lishe, Tanga mjini*

Jibu: Dada yangu, kuna ukweli, na kuna kisingizio pia. Mboga nyingi za mji huu hutoka Lushoto na kupita Mombo. Mvua kubwa ikinyesha milimani hufanya mambo mawili kwa pamoja: huleta ukungu unaobabua majani ya nyanya shambani, na huleta maporomoko yanayoziba barabara ya kushuka. Jua likizidi, maua ya nyanya hupukutika kabla ya kushika, na yule mdudu ambaye wakulima wamemwita kantangaze hushamiri. Kwa hiyo nyanya kupanda bei baada ya mvua nyingi na kupanda tena baada ya ukame si uongo wa wachuuzi.

Lakini si kila bei ni ya tabianchi. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha mafuta, ngano na mbolea, hadi Serikali ikaanzisha ruzuku ya mbolea kuanzia msimu wa 2022/23. Msafirishaji anayelipa mafuta ghali anaongeza bei hata kama shamba limestawi. Na wapo wanaoficha mzigo, hilo unalijua kuliko mimi.

Ushauri wangu ni kwamba menyu yako isiegemee upande mmoja. Kisamvu cha nazi, mchicha, kunde, muhogo na viazi vitamu hutoka karibu na mji, havipiti mlimani, na wateja wa Tanga hawahitaji kufundishwa kuvila. Nyanya zikiwa nyingi na rahisi, kata, kausha juani juu ya kichanja ukizifunika kwa chandarua, uhifadhi. Mahindi na maharage nunua wakati wa mavuno ukishirikiana na wenzako wa mtaa, kwa sababu gunia moja moja mnalonunua miezi ya mwisho ya njaa ndilo linalokula faida yenu yote.

Swali: Sisi ni akina mama tunaolima mwani. Kotonii inayolipa vizuri inakufa. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, kisha yanakatika na kuondoka na maji. Spinosamu inavumilia kidogo lakini bei yake haitoshi hata ada ya shule. Tufanyeje?
*Mkulima wa mwani, Mkinga*

Jibu: Mama, swali lako limenigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu watu wakisema kilimo huwaza jembe na kusahau kwamba kwa nyumba nyingi za mwambao kamba ya mwani ndiyo inayolipa sare na daftari. Unaloeleza ni ugonjwa wa kuweupa unaoshika mwani uliodhoofika. Chanzo chake kikubwa ni joto. Siku za bamvua maji yanapokupwa sana, yale yanayobaki juu ya mchanga huwa ya kimo cha goti au chini yake, na jua la kaskazi likiyapiga saa kadhaa hupata joto kuliko mwani unavyoweza kuvumilia. Katika masika makubwa huongezeka tatizo jingine, kwamba maji ya mito hupunguza chumvi ya bahari karibu na ufuko, na kotonii haipendi hilo pia.

Dawa yake ni kuhamia kwenye maji marefu, ambako kamba huelea kwa maboya na kushikwa na nanga badala ya vigingi, ili mwani uwe ndani ya maji hata bamvua likikauka. Ninajua kikwazo chake. Kunahitaji chombo na watu wanaojua kuogelea, na akina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea walipokuwa wasichana, jambo ambalo naliona ni dhuluma ya mila inayopaswa kurekebishwa sasa. Fanyeni kazi hii kwa kikundi, mkope dau au mtumbwi kwa pamoja kupitia mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, na asiingie mtu kilindini peke yake. Kabla ya hapo mnaweza kugawa msimu: kotonii pandeni wakati wa kusi maji yakiwa baridi, na spinosamu iachieni miezi ya joto. Kwa mbegu chagueni ncha changa zenye rangi nzito, msirudishe tawi lililoanza kuweupa. Anikeni kwenye vichanja, si mchangani, kwa kuwa mwani wenye mchanga hushushwa bei na mnunuzi, na mmekwisha kupoteza vya kutosha.

Swali: Mimi ni mzee wa Pangani. Visima vyetu vimeingia chumvi, na majaruba ya mpunga yaliyo karibu na mto hayazai kama zamani. Minazi nayo inakufa. Wengine wanasema barafu ya Kilimanjaro imekwisha ndiyo maana mto umepungua. Naomba ufafanuzi.
*Mzee wa Pangani*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Mambo haya yana vyanzo tofauti, na ni vizuri yatenganishwe, kwa sababu tukiyachanganya tutapigana na adui asiyehusika.

Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro imepotea kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Hata hivyo maji yake hayakuwahi kuwa sehemu kubwa ya Mto Pangani. Chanzo chake kikuu ni mvua na ukungu unaonaswa na misitu ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara, kwa hiyo msitu uliokatwa unapaswa kutuuma zaidi kuliko barafu iliyoyeyuka. Maji hayo nayo hutumika sana kabla ya kukufikia wewe, katika mashamba ya umwagiliaji ya juu, katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na katika mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mto ukija dhaifu mdomoni, bahari hupanda ndani yake. Na bahari yenyewe imeinuka: kati ya mwaka 1901 na 2018 kimo chake duniani kiliongezeka kwa wastani wa sentimita 20. Nyinyi wa Pangani mna kisiwa cha Maziwe mbele yenu, kilichokuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, ingawa hapo mmomonyoko na ukataji wa miti vilichangia pia.

Kuhusu majaruba, mpunga hudhurika zaidi na chumvi ukiwa mche na wakati wa kuchanua. Msifungulie maji ya mto wakati bahari inajaa. Subirini ikupwe na maji matamu ya mto yashuke. Mikoko iliyokatwa kandokando ya mto irudishwe. Na kwa kuwa mgawanyo wa maji haupangwi Pangani peke yake, wazee na viongozi wa vijiji wanapaswa kupeleka malalamiko yao kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kwa maandishi, wakieleza mwezi gani chumvi ilifika kijiji gani. Maelezo ya namna hiyo huwa na nguvu kuliko kilio cha jumla.

Minazi ni habari nyingine. Mnazi huvumilia chumvi kiasi. Kinachoiua zaidi ni uzee wa mashamba yasiyopandwa upya, mdudu chonga anayetoboa kilele, na ugonjwa wa kunyong'onyea; ukame huimaliza ile iliyokwisha kudhoofika. Magogo ya minazi iliyokufa yaondolewe au yachomwe, maana humo ndimo chonga anamozalia.

Swali: Mwalimu wetu alisema Afrika haichafui hewa sana. Kwa nini basi sisi ndio tunaoumia?
*Mwanafunzi, Korogwe*

Jibu: Mwanangu, mwalimu wako amesema kweli. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Tunaumia kwa sababu hewa haina mipaka, na kwa sababu wakulima wetu wengi hutegemea mvua moja kwa moja, bila umwagiliaji na bila bima. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuwe na mfuko wa kufidia hasara na uharibifu, na mwaka 2023 huko Dubai ukaanza kuchangiwa. Fedha zilizoahidiwa ni ndogo mno kulingana na hasara, na ni haki yetu kuendelea kudai. Lakini usiache mtu akuambie kwamba basi tukate tu miti kwa kuwa kosa si letu. Maji ya jiji la Tanga hutoka Mto Sigi kupitia bwawa la Mabayani, na Sigi hutoka katika misitu ya Amani. Msitu ule ukiondoka, hakuna mfuko wa Dubai utakaotujazia bwawa.

Swali: Huku kwetu tunavuna mara moja, na tukivuna tunauza kwa haraka kwa sababu ya dumuzi. Miezi mitatu baadaye tunanunua mahindi hayo hayo kwa bei mara dufu. Je, tuhamie mtama?
*Mkulima, Handeni*

Jibu: Mtama ufikirieni, naam, hasa Macia ambao ni mfupi na hukomaa mapema, lakini upandeni kwa makubaliano ya kijiji kizima, kwa sababu shamba moja la mtama katikati ya mahindi hubeba ndege wote wa eneo hilo. Msiache mahindi kabisa. Msilazimike tu kuyategemea peke yake.

Hasara unayoieleza haitokei shambani, inatokea ghalani, na hiyo iko ndani ya uwezo wenu kuliko mvua. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa, kwa kuwa wadudu hukosa hewa ya kupumua. Gharama yake ni kubwa kuliko gunia la kawaida, ila ukiutunza usitoboke hutumika zaidi ya msimu mmoja. Sharti moja lisivunjwe: mahindi yawe yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi yana maji bado. Yaanikeni tena juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya sumukuvu. Ukungu unaoitoa huanza shambani mahindi yanaposongwa na ukame, kisha huzidi ghalani yakihifadhiwa na unyevu, na misimu ya sasa inaleta yote mawili, ukame katikati na mvua wakati wa kuvuna. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Chambueni punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa kabla ya kufunga mfuko. Wengi huzitenga na kuwapa kuku au mbuzi wa maziwa, na hilo msilifanye: huwadhuru wanyama wenyewe, na sumu hupita kwenye maziwa ambayo mtoto atayanywa asubuhi.